Vijiji vya milimani Naxos: naenda na mama, magoti yanamsumbua. Tulale huko juu au tupande na kushuka?

Binti_Patra

Habari za humu ndani ndugu zangu. Nasoma Patra, na mwisho wa Septemba mama anakuja Ugiriki kwa mara ya kwanza. Nimempa orodha ya visiwa akachagua Naxos, kwa sababu alisikia kwamba una milima na watu wanaolima. Bahari anaipenda, ila kulala kwenye mchanga si jambo lake. Anataka kuona vijiji vya zamani, watu wanaishije, wanakula nini, nyumba zao zikoje.

Hali yetu ni hii. Mama ana miaka 66 na magoti yanamsumbua. Ngazi chache anaweza akipewa muda, mteremko mkali hawezi. Hali nguruwe na hagusi pombe. Mimi nina leseni ya nyumbani na nimezoea kuendesha, ila sijawahi kuendesha huku. Bajeti ni ya mwanafunzi.

Nimesoma majina ya Halki, Filoti, Apeiranthos na Koronos mpaka yamechanganyika kichwani. Wengine wanasema siku moja inatosha kuvizungukia vyote, wengine wanasema ulale. Mliofika, nishaurini. Vijiji gani vinamfaa mtu mwenye magoti mabovu, na tukae Chora, mji mkuu wa kisiwa, karibu na bandari au huko juu?

Mwanagati

Dada, karibu. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za abiria za Aegean, Naxos nimeshuka mara nyingi na nimezunguka kwa gari la kukodi.

Siku moja inatosha. Toka Chora saa 2 asubuhi, Halki haifiki kilomita 20, Filoti iko jirani yake, halafu unapanda hadi Apeiranthos. Mchana unaendelea kaskazini, Koronos, Koronida, unashuka Apollonas kwenye bahari, mnakula samaki, mnarudi kwa barabara ya pwani ya magharibi. Ni duara moja. Kona ni nyingi, usiharakishe.

Kuhusu leseni: kwa leseni za nchi zetu unatakiwa kuwa na kibali cha kimataifa cha udereva, na kinatolewa nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo kishughulikie mapema. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za kawaida, ukitaka la otomatiki agiza mapema. Jaza mafuta huku chini kabla ya kupanda.

Laleni Chora. Maduka yapo, feri iko karibu, na jua likizama mama atauona ule mlango mkubwa wa marumaru, Portara.

Mlezi_Kypseli

Shikamoo kwa mama, mpe salamu zangu. Na wewe mdogo wangu hongera kwa kumleta.

Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu hiki kisiwa nakijua kwa njia nyingine. Naishi Athens, mtaa wa Kypseli, na kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja ambaye amezaliwa Apeiranthos. Kila kiangazi watoto wake wanatupandisha feri Piraeus, tunakwenda kukaa kwenye nyumba yao kijijini mpaka baridi inapoanza kuingia. Kwa hiyo mimi si mtalii kule, na si mwenyeji pia. Napika, nafua, namtembeza bibi uwanjani jioni, namrudisha. Nimeviona vile vijiji saa ambazo wageni hawapo.

Kaka Mwanagati kasema kweli kuhusu barabara, leseni na mafuta. Lakini kwenye siku moja nampinga, na nampinga kwa ajili ya mama yako hasa.

Angalia jinsi siku inavyokwenda pale Apeiranthos. Asubuhi ni ya wenyewe. Akina mama wanafagia mbele ya milango, gari la mkate linapiga honi, wazee wa kiume wameshakaa na kahawa. Kuanzia saa 5 mabasi ya watalii yanafika, watu wanashuka wengi kwa pamoja, wanapita mtaa mkuu mmoja wanapiga picha, wanakula, na kabla ya saa 10 wameondoka. Katikati ya hapo wenyeji wanajifungia. Mchana ni saa za kulala, hata sauti ya redio hupunguzwa. Halafu jua likipungua ukali, viti vinatolewa nje, na kijiji kizima kinatoka. Hapo ndipo utamwona bibi wa miaka 90 amekaa kwenye ngazi ya mlango wake anauliza kila anayepita, wewe wa nani? Mgeni wa gari la siku moja anafika saa ileile ambayo watu aliowafuata wamelala.

Mama yako amesema anataka kuona watu wanaishije. Kwa hilo lazima alale juu. Hata usiku mmoja, ila miwili ni bora, kwa sababu siku ya kwanza watakutazama, siku ya pili wanakusalimia kwanza wao.

Sasa magoti. Nikupe hali halisi ya kila kijiji, maana bibi yangu anatembea na fimbo na kila jiwe nalijua.

Apeiranthos ndicho kijiji ninachokipenda kuliko vyote, na pia ndicho kitakachomchosha mama zaidi. Kimejengwa ubavuni mwa mlima na kimetandikwa marumaru. Mitaa, ngazi, vizingiti, vyote marumaru, na kwa miaka mingi ya kukanyagwa yamekuwa laini na yanateleza, hasa asubuhi kukiwa na umande au mvua ikinyesha. Magari hayaingii ndani, unaegesha kwenye barabara ya chini. Lakini mtaa mkuu, ule unaoanzia karibu na kanisa kubwa la Panagia, hauna mwinuko mkali. Mama akivaa viatu vya soli ya mpira na kukushika mkono, ataufikia uwanja mdogo na mnara wa zamani wa Wavenisi uliosimama juu ya mwamba. Njia za pembeni zinazopanda, mwache akae kwenye kahawa, wewe panda peke yako dakika chache urudi kumsimulia. Na ukitafuta chumba pale, uliza kabla ya kulipa: kutoka gari linapoishia hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Uliza kwa maneno hayohayo. Ukiuliza kama ni mbali watakujibu si mbali, kwa sababu kwao kweli si mbali.

Filoti ni kikubwa, kimekaa chini ya mlima Zas, ambao una urefu wa zaidi ya mita 1,000 na ndio mrefu kuliko yote katika visiwa vya Cyclades. Nyumba zimepanda mlimani kwa ngazi, lakini maisha ya kijiji yako barabarani chini, penye mti mkubwa sana na mikahawa pembeni. Mama hahitaji kupanda ngazi hata moja ili akae katikati ya kijiji. Ni kijiji cha wafugaji. Utaona magari ya mizigo yenye majani ya mifugo na mbuzi nyuma, na wanaume wenye viatu vya matope wanakunywa kahawa kabla ya kurudi zizini.

Halki iko kwenye tambarare lenye mizeituni mingi, wanaiita bonde la Tragaia. Hapa ndipo magoti yatapumzika. Karibu kila kitu kiko sawa na ardhi. Zamani palikuwa kitovu cha biashara cha kisiwa, ndiyo maana nyumba zina milango mirefu ya kifahari. Kuna kiwanda kidogo cha familia ya Vallindras cha tangu 1896 kinachotengeneza kitron, pombe ya majani ya tunda la jamii ya limau, kubwa na lenye ganda nene. Hamnywi, sawa, lakini kuingia kuona mitambo ya shaba ya kuchemshia hakuna ubaya, na tunda lenyewe linapikwa kwa sukari linakuwa kitamu cha kijiko, unaletewa kipande kwenye kisahani na glasi ya maji baridi. Mama atakipenda. Bibi yangu anakificha kabatini na kunihesabia vipande.

Kwa hiyo kama ni mimi, ningelala Filoti au Halki, nikapanda Apeiranthos asubuhi na mapema kwa gari, nikakaa kule mpaka mabasi yalipoanza kufika, nikashuka. Au kama mkipata chumba Apeiranthos kisicho na ngazi nyingi, laleni kulekule na mshuke Halki mchana.

Nije kwenye chakula, maana hapa ndipo watu wanapopata shida bila sababu. Naxos ni kisiwa kinachojilisha. Viazi vyao vinajulikana Ugiriki nzima, chipsi zake ni viazi halisi vilivyokatwa asubuhi ile. Jibini ni nyingi: graviera, ya manjano na tamu kidogo, ambayo jina lake limelindwa kisheria, arseniko, ngumu na kali, na ile nyeupe laini yenye uchachu, xinomizithra, wanayoipaka kwenye mkate mkavu wenye nyanya. Mama akila hiyo asubuhi na zeituni na yai, ameshiba mpaka mchana.

Nyama ndiyo ya kuuliza. Chakula kinachosifiwa kule juu, rosto, ni nguruwe aliyepikwa na vitunguu saumu na nyanya. Soseji zote ni za nguruwe. Mbuzi na kondoo wapo kwa wingi, ila sikufichi, nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wetu hutaipata kule milimani, hivyo kama mama anazingatia hilo, kuleni mboga, dengu, njegere, maharage makubwa yaliyookwa, mayai na samaki. Wagiriki wa Orthodoksi wana siku nyingi za kufunga nyama na maziwa kwa mwaka mzima, kwa hiyo mapishi ya mboga na nafaka wanayajua kikamilifu, si chakula cha kumpa mgonjwa. Ukitaka samaki, shuka Moutsouna upande wa mashariki, ni chini kabisa ya Apeiranthos, au Apollonas kaskazini. Kuuliza kama kuna nguruwe sema tu: hirino? Watakuelewa, na wengi watakupeleka jikoni ukaangalie sufuria mwenyewe. Wali au maharage yakiwa na divai ndani, waulize pia, wanatia divai kwenye vitu vingi.

Moutsouna ina habari yake. Ukifika utaona mitambo ya chuma iliyochakaa na gati kubwa kuliko kijiji chenyewe. Kule juu, kati ya Apeiranthos na Koronos, kuna machimbo ya jiwe la msasa, lile jeusi zito wanalolisaga kutengenezea vitu vya kunolea na kusugulia. Wanaume wa vijiji hivi walilichimba kwa mikono kwenye mashimo, wakalibeba kwa punda hadi baharini. Miaka ya 1920 ikajengwa njia ya waya juu ya nguzo za chuma, ndoo zikawa zinashusha mawe kutoka mlimani hadi gatini. Baadaye dunia ikaanza kutumia misasa ya viwandani, kazi ikafa polepole, na watu wakaenda Athens. Bibi yangu ni mmoja wao. Baba yake alikuwa mchimbaji. Nguzo bado zimesimama, ukiendesha kutoka Apeiranthos kwenda Moutsouna au Koronos unaziona. Mwonyeshe mama, mweleze, maana bila hivyo mtu anaviona vile vijiji vizuri vya mawe na kudhani viliishi kwa kuuza kahawa. Watu walikohoa vumbi ili nyumba zile zisimame.

Na ndiyo maana napata uchungu kidogo mtu akisema siku moja inatosha.

Kuhusu sisi weusi kule juu, najua hukuuliza lakini utajiuliza. Watakutazama, hasa wazee, tena bila kuficha. Kwa sehemu kubwa ni udadisi. Wewe ndiye unayepita, wewe ndiye wa kusalimia kwanza: kalimera asubuhi, kalispera kuanzia alasiri. Hilo neno moja linafungua mlango. Swali litakalofuata ni unatoka wapi, na la pili ni huyu ni mama yako? Ukisema ndiyo, mambo yamekwisha, kiti kinaletwa. Mtoto anayemtembeza mama yake wanampenda mno.

Mwanagati

Dada Mlezi, nakubali kuhusu saa. Mimi nilikuwa na masaa machache kabla ya meli kuondoka, nikatembea kwa saa ya meli. Kwa mtu mwenye mama mzee, usikilizwe wewe.

Niongeze moja la feri. Kutoka Piraeus, meli kubwa ya kawaida inachukua saa 5 na kitu, ile ya kasi ni pungufu ya hapo lakini inarusharusha sana kukiwa na upepo. Upepo wa kaskazini, meltemi, unasumbua zaidi Julai na Agosti, ila hata Septemba unaweza kuamka. Kwa mtu mzima chukua meli kubwa. Ina lifti na ngazi za umeme, mwambie mama asipande zile za chuma za kwenye maegesho ya magari. Na usipange ndege ya kimataifa siku ileile ya kurudi kutoka kisiwani, upepo ukizidi bandari inafungwa na hakuna wa kumlaumu.

Binti_Patra

Dada Mlezi, nimemsomea mama yote kwa simu. Nilipofika kwenye habari za wachimbaji akanyamaza, kisha akasema "huyo bibi nitamwona?" Asanteni sana wote wawili.

Maswali yaliyobaki. Kwanza, nikikosa kibali cha udereva kwa wakati, basi litatufaa? Pili, mama anapenda makanisa ya kale na michoro, ingawa si dini yetu, ni mwalimu mstaafu wa historia. Tatu, kuna kitu cha kusuka au kufuma? Amewahi kufundisha ufumaji pia.

Nyayo_za_Mlima

Naingia kwenye makanisa kwa sababu mimi kilichonipeleka Naxos ni kutembea kwa miguu na bonde la Tragaia limejaa makanisa madogo ya enzi za Bizanti, ile dola ya kale ya Kikristo, kati ya mizeituni.

Kwa mama mwalimu wa historia, la kwanza ni Panagia Drosiani, chini kidogo ya kijiji cha Moni. Ni kanisa la mawe matupu, dogo, limevimbavimba kwa nje kama mwamba uliotoka ardhini. Ndani kuna michoro ya ukutani ya karne ya 7, miongoni mwa ya kale zaidi katika eneo lote la Balkani. Iko kando ya barabara, gari linafika karibu, ngazi si nyingi. Ndani mna giza, subirini macho yazoee kabla ya kuamua kwamba hakuna kitu. Kuna mtunzaji na saa za kufungua hubadilika kulingana na msimu, kwa hiyo nendeni asubuhi. Mabega na magoti yafunikwe, na wekeni sarafu kidogo.

La pili liko ndani ya Halki, Panagia Protothronos, kanisa kubwa la kijiji kando ya barabara. Michoro yake ilipakwa juu ya mingine, karne juu ya karne.

Kisha kuna hekalu la Demeter karibu na Sangri, la takriban mwaka 530 kabla ya Kristo, la marumaru meupe, limesimamishwa upya kwa sehemu. Demeter ni mungu wao wa mavuno, na hekalu limewekwa katikati ya mashamba. Huko gari ni lazima, na kutoka maegesho kuna njia nzuri ya kutembea isiyo na ngazi za kutisha. Mama ataona jambo hili: baadaye Wakristo walijenga kanisa ndani ya hekalu kwa mawe yaleyale.

Kutembea: kati ya Filoti na Halki kuna njia za kale za mawe zenye vibao. Mama hatazimudu zote, ila vijiji vidogo vinavyopakana na Halki, kama Kaloxylos, mnaweza kuvifikia polepole. Kilele cha Zas kiache kwa safari nyingine, ukipenda kupanda peke yako alfajiri njia rahisi inaanzia kwenye kanisa dogo la Agia Marina, barabara ya kwenda Danakos. Njia ya upande wa pango ni ya kupanda mawe. Lakini chemchemi ya Aria iliyo chini ya hilo pango inafikika kwa gari kutoka Filoti, kuna kivuli na maji yanatiririka, mama anaweza kukaa.

Mlezi_Kypseli

Asante sana Nyayo, hayo ya Drosiani mimi nisingeyaeleza hivyo. Bibi tunampeleka pale kuwasha mshumaa, macho yangu yanakuwa kwenye miguu yake, si ukutani.

Mdogo wangu, basi lipo. Linaondokea pale bandarini Chora, linapita Halki na Filoti hadi Apeiranthos. Nunua tiketi ofisini kabla ya kupanda. Tatizo ni kwamba msimu ukipungua safari zinapungua nazo, na za kurudi jioni ni chache. Mwisho wa Septemba bado mtapata, lakini chukua ratiba ya wiki hiyohiyo, si ya kwenye mtandao ya mwezi wa 7. Jumapili iulizie mara mbili. Mkiwa bila gari, laleni Filoti, na hekalu la Demeter mkodi teksi iwasubiri. Elewaneni bei kabla. Na toeni euro za taslimu mkiwa Chora, vikahawa vya juu wengine wanapenda sarafu mkononi.

Mfumo wa siku bila gari ungekuwa hivi: basi la asubuhi kwenda Apeiranthos, mkahawa, mtaa mkuu, makumbusho, halafu basi la mchana kushuka. Makumbusho ya Apeiranthos yako kadhaa na ni madogo, yanafungwa mapema mchana. Lile la mambo ya kale lilianzishwa na mwanahisabati wa kijiji, Michalis Bardanis, aliyekusanya vitu vilivyotoka kwenye mashamba ya wenzake. Kuna mawe yaliyochongwa na watu wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, yanaonyesha mitumbwi, wanyama, watu wanawinda. Mama mwalimu wa historia ataganda pale. Na mwambie kwamba Manolis Glezos alizaliwa kijiji hiki mwaka 1922. Ndiye yule kijana ambaye usiku wa tarehe 30 Mei 1941, akiwa na mwenzake Apostolos Santas, alipanda Acropolis, kile kilima cha mahekalu ya kale cha Athens, akaishusha bendera ya Wanazi. Miaka ya 1980 alirudi kuongoza kijiji, na alifariki 2020. Wazee wa pale wanamtaja kwa jina la kwanza tu.

Ufumaji: ndiyo, na hapa mama atafurahi. Apeiranthos wanawake wana chama chao cha wafumaji, wanatumia vitanda vya mbao vya kufumia, na wanauza kazi zao pale mtaani. Bei si ya chini kwa sababu ni kazi ya mkono ya siku nyingi, msipunguzishane nao. Mwombe mama aonyeshwe upande wa nyuma wa kitambaa, fundi akijua anaongea na fundi atamvuta kiti.

Jambo moja ambalo watalii hawalipati. Zamani wakiwa kwenye vitanda vya kufumia, na hadi leo kwenye harusi na sherehe, watu wa Apeiranthos hutunga mashairi ya papo kwa papo, mistari miwili miwili yenye vina, kila mstari mizani 8. Wanaita kotsakia. Mmoja anarusha, mwingine anamjibu, na ukishindwa kujibu umeaibika. Mara ya kwanza kusikia nilisimama na sufuria mkononi, kwa sababu ni majibizano yetu kabisa, vipande vya mizani 8, vina mwishoni, kijembe ndani. Nilimwimbia bibi beti za malenga nilizokariri shuleni, akahesabu kwa vidole, akasema hawa ni watu wa kwetu. Mama yako akiwa na ubeti mmoja kichwani auweke tayari.

Jioni kuna baridi kule juu, hata mkiacha joto Chora. Sweta la mama na soksi nzito.

Na bibi, ndiyo, atamwona. Mwisho wa Septemba bado tutakuwa juu, watoto wake wanatufuata zabibu zikiisha kuvunwa. Nitumie ujumbe wa faragha ukishapata tarehe.

Binti_Patra

Mama amelia. Amesema tulale Apeiranthos, ngazi zikiwa nyingi atazipanda kwa mapumziko. Nimempigia mwenye chumba kimoja nikauliza swali lako kwa maneno yaleyale. Akaniambia subiri, akaenda kuzihesabu, akarudi: 11, na kuna chuma cha kushika.

Swali la mwisho kabisa. Tukija kumwona bibi, tulete nini? Sitaki kufika mikono mitupu na sitaki kuleta kitu kitakachomdhuru.

Mlezi_Kypseli

Ngazi 11 zenye chuma ni sawa, chukua hicho chumba.

Kwa desturi ya pale mgeni huleta boksi la vitamu kutoka duka la keki, wanakufungia kwa karatasi na utepe. Lakini bibi sukari imempanda na atavila vyote usiku. Mleteeni kahawa ya kwenu, ya kusagwa laini kabisa. Wao huchemsha kahawa na unga wake kwenye kisufuria kidogo cha shaba, wanaita briki, kwa hiyo isiwe ya kuchuja. Atawauliza tamu, ya wastani au chungu. Mseme wastani, metrio, maana ya kwake ni chungu na anaipika nzito. Njooni baada ya saa 11 jioni, kabla ya hapo amelala.

Na mama akiwa na kitenge kidogo cha zamani, hata kipande, akilete. Bibi ananiuliza kila mwaka yale maua yanachapwaje na mimi sijui kumweleza. Mwalimu wa ufumaji atajua.